"Chukua" si jibu la kila "take"

Kwako Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako tuzungumzie kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, "take", na vurugu kinazozua kila kinapovushwa kuingia kwenye Kiswahili bila kukaguliwa. Kuanzia Nakuru hadi Busia, matangazo ya hospitali, shule, steji za matatu na ofisi za machifu yanazidi kutolewa kwa Kiswahili. Ni jambo jema, na Katiba ya 2010 ililipa nguvu pale kifungu cha 7 kilipokifanya Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Shida ni kwamba mengi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, halafu karani hupewa dakika chache ayageuze, au kazi hiyo huachiwa programu ya simu. Hapo ndipo "take" inapogeuka "chukua" kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho: chukua dawa, chukua basi, chukua mtihani, chukua kiti, chukua picha.

Chukua kwa asili yake ni kitenzi cha mzigo. Ndiyo maana anayebeba magunia sokoni Kibuye ni mchukuzi, na serikali ina Wizara ya Uchukuzi. Debe huchukua lita 20, matatu huchukua abiria 14, na mtoto aliyelelewa vizuri huwachukua wazazi wake uzeeni, yaani huwakimu. Mwanamke huchukua mimba. Nguo ikimkaa mtu sawasawa, wazee wa Pwani husema imemchukua. Vitu vinavyopatana huchukuana, na watu wanaovumiliana huchukuliana. Hiki si kitenzi maskini hata kidogo. Kina utajiri wake, ila utajiri huo haukukatwa kwa kipimo cha "take".

"Take" yenyewe, kwa taarifa ya msomaji, haikuzaliwa Uingereza. Ililetwa na watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ikaking'oa kitenzi cha wenyeji, "niman", ambacho hakuna Mwingereza wa leo anayekitumia. Baada ya hapo ikafanywa mtumishi wa kazi zote, na ndiyo sababu kamusi za Kiingereza huihesabia maana kwa makumi. Anayetafuta neno moja la Kiswahili la kuzibeba zote anatafuta kisichokuwepo.

Tuanze na kosa linalogeuza maana juu chini. Tangazo linasema: "Wazazi wote wachukue watoto kliniki Jumanne wapate chanjo." Aliyeandika alitaka watoto wapelekwe. Mzazi asiyejua Kiingereza atauliza watoto hao walilazwa lini, kwa sababu chukua likifuatwa na jina la mahali huonyesha kitu kinakotoka. "Mchukue mgonjwa hospitalini" maana yake ni mwondoe huko, umlete nyumbani. "Mchukue mtoto shuleni" ni kazi ya saa kumi jioni; ya asubuhi ni "mpeleke mtoto shuleni". Vivyo hivyo mdaiwa hachukuliwi kortini, hupelekwa au hushtakiwa. Kila sentensi ya Kiingereza inapotaja mahali pa kufikia, kitenzi chake ni peleka. Safari ikiwa ya mguu, watu wawili wakienda pamoja kwa heshima, ni sindikiza. Programu za simu hukosea mno hapa kwa kuwa huona kitenzi na jina la mahali, zikaacha mwelekeo njiani.

Usafiri nao una mwelekeo wake. Basi ndilo humchukua mtu, mtu hulipanda. Bango linalowaambia abiria "wachukue matatu upande wa pili wa barabara" linasomeka kama ruhusa ya kuondoka na gari la mwenyewe. Sema wapande matatu upande wa pili. Na anayeelekezwa njia hachukui kushoto. Mwulize mwendesha bodaboda yeyote pale Kondele atakwambia: shika barabara ya Busia, kisha kata kulia.

Mtihani? Kwa sikio la mzazi wa Bungoma, "watahiniwa walichukua mtihani wa hisabati" ni habari ya wizi inayofaa kupelekewa polisi. Mtihani hufanywa. Kiti kikichukuliwa kimeondolewa. Mgeni huambiwa aketi, au karibu kiti. Picha huchukuliwa siku ya kwenda kuidai studioni. Siku ya kusimama mbele ya kamera, hupigwa. Tofauti hii hailetwi na ushabiki wa usanifu. Mpiga picha akimwandikia mteja "njoo uchukue picha Jumamosi", mteja atakuja na risiti akitarajia picha iliyokwisha kusafishwa.

Sasa tufike kwenye dawa, ambako tunaomba wasomaji wavumilie urefu, maana hapa kosa huingia mwilini. Kiingereza hutumia "take" kwa takriban kila dawa inayopitia mdomoni. Kiswahili hutaka kujua dawa ni ya aina gani. Tembe humezwa. Dawa ya maji hunywewa. Ya kutafuna hutafunwa na ya kuyeyukia mdomoni humumunywa, na ikimezwa nzima haifanyi kazi iliyokusudiwa. Ya kupulizia pumu huvutwa kwa pumzi. Nje ya mdomo, matone hutiwa jichoni, marhamu hupakwa, na kidonge cha kuweka njia ya haja kubwa huingizwa. Wengi husema kunywa dawa wakimaanisha zote za mdomoni, na katika mazungumzo hatuna ubishi nao. Kwenye bahasha ya dawa, andika kitendo chenyewe. "Chukua tembe mbili" haimwambii mtu aziweke mdomoni. Inamwambia azibebe.

Bahasha nyingi huandikwa "2×3" tu. Mhudumu anajua kwamba ni tembe mbili, mara tatu kwa siku. Asiyeelekezwa anaweza kumeza tatu mara mbili: hesabu ya kutwa ni ileile sita, lakini kipimo cha kila mara kimezidi. Kiswahili tayari kina namna fupi na isiyo na utata: "tembe mbili kutwa mara tatu". Kutwa ndilo neno la kushikilia hapo.

Chukueni mfano wa dawa ya malaria inayojulikana sana kandokando ya ziwa, ile ya AL, yaani artemether na lumefantrine. Mtu mwenye kilo 35 au zaidi hupewa tembe 4 kila dozi, dozi 6 kwa siku 3, jumla tembe 24. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya muda wa saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazobaki. Mfasiri wa haraka huandika: "Chukua tembe 4 sasa, na tembe 4 baada ya saa nane." Kitenzi kimekosewa, lakini tazama na hiyo "saa nane". Kwetu saa nane ni saa nane mchana, au ya usiku. Mgonjwa aliyeanza saa mbili asubuhi atasubiri saa nane ya mchana ipite kidogo, ameze, na dozi itakuwa imekuja mapema. Aliyeanza saa tisa alasiri atangoja hadi usiku wa manane au kesho yake. Andika hivi: "Meza tembe 4 sasa. Muda wa saa nane ukishapita, meza nyingine 4. Ukianza saa mbili asubuhi, za pili ni saa kumi jioni." Kisha: "Kesho na kesho kutwa, meza 4 asubuhi na 4 jioni." Halafu ongeza kwamba zimezwe pamoja na chakula au maziwa, kwa sababu mafuta husaidia dawa hiyo kuingia mwilini. "Chukua na chakula" haitoshi. Wapo watakaoelewa kwamba wapewe na chakula pale dirishani.

"Kila saa nane" ina mtego uleule. Wapo watakaosoma kwamba ni kila siku ikifika saa nane. Kwa dawa ya mara tatu, taja nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Ni maneno mengi kuliko ya Kiingereza, na karatasi itabidi ipanuliwe.

Kwenye vipimo, "take" hugawanyika tena. Joto hupimwa, presha hupimwa, uzito hupimwa. Damu ni ya kuangaliwa zaidi: anayejitolea anatoa damu, mgonjwa wa maabara anatolewa damu, naye mwenye kuichunguza anapima damu. Bango linalosema "Tunachukua damu hapa" mlangoni mwa chumba cha wachangiaji limewahi kufikiriwa vipi na mtu aliyekulia hadithi za wanyonya damu? Andika "Changia damu hapa." Sampuli, kwa upande mwingine, huchukuliwa bila kosa lolote, iwe ya choo au ya udongo wa shamba, kwani kuna kitu kinabebwa kupelekwa maabara.

Kanuni tunayoifuata kazini ni kuanza na nomino. Kwa Kiingereza kitenzi ndicho bwana; kwa Kiswahili kila nomino huja na kitenzi ilichokizoea. Kiapo huliwa, na hongo huliwa, ingawa mwenye kula cha kwanza huapa kwamba hatakula ya pili. Kura hupigwa. Moto hushika, mwendo hushika kasi, uongozi hushikwa hatamu. Zamu hupokezwa. Sheria "inapochukua athari" imefasiriwa vibaya. Sheria huanza kutumika. Mtu hachukui upande, huegemea upande. Hachukui bafu, huoga. Mapumziko ya dakika kumi hayachukuliwi; watu hupumzika, kitenzi kimoja, kazi imekwisha.

Hapa pana jozi moja ambayo hata waandishi wazuri huichanganya: kuchukua hatua na kupiga hatua. Za Kiingereza zote mbili zaweza kuanzia kwenye "take". Kaunti iliyochukua hatua kuhusu barabara imefanya jambo, pengine imemfuta mwanakandarasi. Iliyopiga hatua imesonga mbele. Unaweza kuchukua hatua mwaka mzima usipige hata moja.

Halafu "kuchukua nafasi". Hii imetwishwa maana nne na inalemewa. Ya kwanza, sanduku kuchukua nafasi chumbani, ni sahihi. Ya pili, naibu kuchukua nafasi ya mwalimu mkuu anayestaafu, imekubalika na haina ubaya. Ya tatu ni ile ya wasemaji wa harambee, "ningependa kuchukua nafasi hii kuwashukuru", ambayo hatuipendi lakini tumechoka kuipinga. Kutumia fursa hii kungetosha, na kushukuru moja kwa moja kungewarudisha watu nyumbani mapema. Ya nne ndiyo mbaya: "mkutano utachukua nafasi uwanja wa Bukhungu", kwa maana ya kufanyika. Weka neno moja tu baada yake uone: "Mkutano wa maji utachukua nafasi ya baraza la Ijumaa." Je, baraza limefutwa, au mkutano utafanyika katika baraza? Mwanakijiji atakayeelewa vibaya hatakuja, na hatakuwa amekosea. Mkutano hufanyika.

Mambo huwa magumu zaidi "take" inapofuatwa na kineno kidogo. Pamoja na "off", kile kinachomaanisha kutoka au kuachana, inatoa maana ambazo hazijuani: ndege hupaa, kofia huvuliwa, kifuniko hufunuliwa, biashara hushika kasi, bei hupunguzwa shilingi 50, mchezaji hutolewa uwanjani, mfanyakazi huomba ruhusa ya siku mbili, na mcheshi huiga sauti ya mwanasiasa. Hakuna Mswahili anayevua ndege. Ikifuatwa na "in", kineno cha ndani, fundi cherehani hubana gauni ubavuni, mwenye nyumba humpokea mgeni, msikilizaji huelewa hotuba, na tapeli humlaghai mteja. Ikifuatwa na "back", kineno cha kurudi nyuma, bidhaa hurudishwa dukani ilhali maneno hufutwa au huondolewa. Kwa hivyo mwenye kamusi ya mfukoni asitafute "take" pekee. Aanze kutazama neno la pili, tena asome sentensi nzima.

Ipo na "take" ya mahitaji, inayoingia hata kwenye hotuba za viongozi: "inachukua ujasiri", "inachukua watu wawili kubeba kabati". Muda peke yake ndio unaochukuliwa kwa njia hiyo. Safari ya Nakuru hadi Kisumu huchukua saa kadhaa, sawa. Ujasiri unahitajika, na watu wawili wanahitajika. "Chukua muda wako" imeenea kwenye simu za huduma kwa wateja, nasi tungependelea "usiwe na haraka" au "taratibu tu".

Wapo wanaosema kosa hili linatokana na lugha za nyumbani, kwamba Mjaluo ana kawo yake na Mluhya ana bukula yake, basi wanazivisha Kiswahili. Hatukubaliani. Mjaluo akipiga simu husema goyo simu, naye pia anaipiga; hajawahi kuichukua. Chanzo ni karatasi ya Kiingereza iliyo mezani wakati wa kutafsiri. Mama yuleyule anayeandika "chukua basi" kwenye barua ya shule atamwambia mwanawe mlangoni "panda basi la saa moja".

Wala hatutaki kufukuza kila chukua. Kuchukua hatua, kuchukua muda, kuchukua mkopo, kuchukua tahadhari: haya yamekaa, yanaeleweka Mombasa na Mumias, na kuyapiga marufuku ni kujisumbua. Mtoto pia husemwa amechukua sura ya babake, na hakuna la kusahihisha.

Mwenye kuandaa tangazo na afanye hivi. Amalize tafsiri, kisha azungushie duara kila chukua. Kwa kila moja ajiulize kama kuna mtu au chombo kinachobeba kitu, au muda unaopita. Ikiwa ndiyo, aache. Ikiwa hapana, afiche kitenzi kwa kidole, aisome nomino iliyobaki na kujiuliza nyanyake angesemaje kuhusu kitu hicho. Kisha asake majina ya mahali yaliyo karibu na duara na kuhakikisha mwelekeo ni wa kwenda au wa kutoka. Mwisho, amsomee mtu asiyejua Kiingereza, asimuulize kama ameelewa, maana atajibu ndiyo kwa adabu. Amuulize: "Sasa wewe utafanya nini, na saa ngapi?" Jibu likitofautiana na karatasi, karatasi ndiyo ya kurekebishwa.

Na kwa meza yako, Mhariri. Kurasa zako za michezo hazina ugonjwa huu kabisa. Kona hupigwa, penalti hupigwa, mpira hurushwa, timu hutangulia kwa bao, mchezaji hutolewa, kombe hutwaliwa au hunyakuliwa. Hatujasikia mtangazaji wa redio akisema Gor Mahia wamechukua kona. Hao wanasimulia mchezo wanaouona, hawana karatasi ya Kiingereza mbele yao. Tunaomba kurasa za habari za kaunti, ambazo aghalabu hutegemea taarifa zilizoandikwa kwa Kiingereza, zipitishwe kwa mhariri mmoja wa michezo kabla ya kwenda mtamboni, angalau zile zinazotangaza chanjo, tarehe za vitambulisho na mikutano ya hadhara.

Wafasiri na wahariri wa Kiswahili,
Kisumu